Tupeane uzoefu: utando mweupe juu ya udongo wa vyungu vya maua

Wakuu, habari za jioni. Kila kiangazi vyungu vyangu vya barazani vinashika utando mweupe mgumu juu ya udongo. Niko Kigamboni, namwagilia maji ya kisima. Naukwangua, unarudi. Mliokutana nao mliufanyaje? Tajeni na maji mnayotumia, naamini chanzo kiko hapo.

Mama Asumini, Mombasa: Pole ndugu yangu. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, sabuni haitoi povu. Mmea wangu wa asumini uliungua ncha za majani. Nilikwangua udongo wa juu unene wa kidole, nikajazia mboji, kisha nikamimina maji ya mvua polepole mpaka yakatiririka kwenye tundu la chini. Yakachuja, nikarudia. Yaliyobaki kwenye sahani mwaga! Ukiyaacha udongo unayafyonza tena, na yakikauka chumvi inabaki juu. Majani mapya yalitoka safi. Yaliyoungua hayaponi, usiyasubiri. Sasa kila masika vyungu vyote natoa uani vinyeshewe.

Ghorofa ya Tatu, Nairobi: Kwangu maji ni ya mfereji na hayana shida. Jirani aliyehama aliniachia mipilipili yenye weupe mzito, na alikuwa akiitia mbolea ya chumvichumvi kila wiki. Mbolea hiyo niliisimamisha, nikaosha udongo kama alivyosema Mama Asumini. Haujarudi.

Mdau wa Meru, Arusha: Huku maji yana madini ya floridi. Drasena, ule mmea wa pambo, inakauka ncha hata udongo ukiwa mweusi kabisa, kwa hiyo msitegemee weupe peke yake. Hiyo naipa maji ya mvua tu.

Bukoba Kijani: Mkuu, uguse kwanza. Kama ni laini na una nyuzinyuzi, huo ni ukungu unaokula mboji, mmea hauudhuru. Mimi huchokonoa udongo, nikapunguza maji na kusogeza chungu penye hewa. Mvua zetu za hapa unazipenda sana.

Mwanzisha mada: Asanteni sana, nimefarijika. Wangu ni mgumu, na nilipoudondoshea siki ulitoa povu, kumbe ni chokaa. Pipa nimeshaliweka chini ya mchirizi wa bati. Nani anakuza waridi kwenye chungu kwa maji ya kisima? Mawaridi yangu ndiyo yaliyoathirika kuliko mimea yote.