Naomba ushauri: PS2 yangu nibadilishe lenzi au nihamie kuchezea gemu kwenye flashi ya USB?

Habari zenu wakuu. Nina PlayStation 2, ile nyembamba, niliyoachiwa na kaka yangu alipohama nyumbani. Utoto wangu umo humo. Jumamosi watoto wa mtaa walijaa sebuleni, anayefungwa anaachia pedi, na usiku mama anawekewa DVD kwenye mashine hiyo hiyo.

Mapungufu ilikuwa nayo. Matundu ya pedi mawili tu, wakati Nintendo 64 ya mwaka 1996 tayari ilikuwa na manne. Memori kadi ya MB 8 unanunua kando, na ikijaa unafuta ligi uliyoihangaikia miezi. Hilo liliniuma sana, na mpaka leo naona halikuwa sawa.

Sasa nataka mwanangu naye acheze. Nikiwasha, taa ya kijani inawaka, diski inazunguka, nasikia tik-tik-tik, halafu basi. CD za muziki inasoma, DVD haisomi. Nimepangusa lenzi kwa spiriti, hakuna nafuu. Fundi anasema imechoka kwa umri.

Waliowahi kubadilisha lenzi, hizi za sasa zinadumu? Flashi naiogopa kidogo, maana tundu la USB la PS2 ni 1.1, la polepole, na video za katikati ya gemu zinakwamakwama. Na TV yangu haina matundu ya ule waya wa njano, nyekundu na nyeupe. Mnatumia kibadilishi gani cha HDMI kisichofifisha picha?

Memori kadi bado ina ligi ya kaka. Hiyo sitaki ipotee kabisa.