Macross: kisichoaminika ni sayansi au ni mapenzi?

Kijana wa Chumbageni
Wakuu, salaam. Juzi umeme umerudi saa nane usiku, usingizi umeshaniruka, nikachomeka flashi nikaanza upya Macross, katuni ya Kijapani (anime), ile ya kwanza kabisa, ya 1982. Jana nimeimaliza. Kwa asiyeijua: meli ya vita kutoka anga za mbali inaanguka duniani, binadamu wanaitengeneza miaka kumi, siku ya kuizindua wanavamiwa na majitu yaitwayo Zentradi. Wakubwa wanaamua meli iruke mara moja hadi nyuma ya mwezi. Inaibukia huko kwenye Pluto, tena imekibeba kisiwa kizima, na mji na watu wake. Humo ndani kuna rubani kijana, Hikaru, moyo umegawanyika kati ya Minmay mwimbaji na Misa, ofisa wake.

Mimi sayansi naimeza. Injini ya kurukia imetumika mara moja ikatoweka kama sukari kwenye chai, sawa. Ila mapenzi yale hayana kichwa wala miguu. Vipindi 36 mwanamume anababaika, halafu mwisho anamchukua yule bibi aliyekuwa anamfokea kila siku. Nawasilisha.

Bi Kidani
Bibi nani? Misa hadithi inaanza ana miaka 19. Kumi na tisa! Hikaru ana 16, na siku ya kwanza tu, kwenye redio ya ndege, akamwita shangazi. Leo miaka arobaini na ushee imepita, na wewe wa Chumbageni unampandisha cheo awe bibi. Mimi nina 41, sijui utaniita marehemu.

Na huko "kumfokea" ni kumwambia asipite pale, atakufa. Mwanamke akikuonya, kakufokea. Akikuimbia, kakupenda. Ndiyo maana mnaachwa solemba.

Kijana wa Chumbageni
Dada yangu, "bibi" ni namna ya kusema tu.

Bi Kidani
Namna hiyo kamwambie mama yako.

Mwalimu wa Zamu
Tuirudie mada. Mleta mada anasema sayansi anaimeza. Ameze basi na hii: chombo cha New Horizons kilirushwa Januari 2006, kikapita Pluto Julai 2015. Miaka tisa na nusu, nacho ni chombo kidogo kama piano, hakina mji tumboni. Kutoka kule hata ujumbe wa redio, unaokimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, ulichukua zaidi ya saa nne kufika duniani. Meli ya Macross, ambayo urefu wake unapita kilomita moja, imerudi kutoka Pluto ndani ya mwaka mmoja, bila ile injini ya kurukia, huku inapigwa njia nzima. Mafuta walijazia wapi?

Halafu wale majitu. Urefu kama mita kumi, yaani karibu mara sita ya mtu. Ukimkuza mtu mara sita kwenda juu, mapana na unene navyo vinafuata, kwa hiyo uzito unaongezeka zaidi ya mara 200. Lakini mfupa wa paja nguvu yake iko kwenye eneo la mkato wake, nalo limeongezeka mara 36 tu. Hatua ya kwanza, miguu imevunjika.

Fundi Baridi
Mwalimu, wako ndani ya meli zao, watasimamia wapi? Mtu mnene baharini anaelea.

Mwalimu wa Zamu
Ndani ya zile meli wanatembea, wanakaa vitini, wanapigana ngumi. Usilete habari za kuelea.

Bi Kidani
Na Milia? Alikuwa mmoja wa hao majitu, akapunguzwa akawa saizi yetu ili aingie kumsaka Max, rubani mwenzake Hikaru, amuue. Kwa hesabu yako Mwalimu, zile tani kumi na kitu zilikwenda wapi?

Mwalimu wa Zamu
Ndilo ninalouliza.

Bi Kidani
Mimi nataka tu hiyo dawa. Kilo nane zinanitosha.

Shabiki wa Sheryl
Mkitaka pembetatu ya mapenzi ya maana tazameni Macross Frontier ya 2008. Alto, Sheryl, Ranka. Nani yuko nami?

Mgeni Mjini
Naona mnazunguka. Max na Milia ndio pekee walioeleweka. Wamekutana kwenye mashine ya michezo, Max kamshinda. Wakaonana bustanini, Milia kamtolea kisu. Max akashinda tena, akamwambia nioe. Yaani "nikuoe". Wakaoana, wakapata mtoto. Kazi imekwisha, hamna vipindi 36 vya kulialia.

Kilichonitoa mimi ni Minmay na yule Kaifun. Si binamu yake yule? Wakabusiana kwenye ile filamu waliyoigiza, na kwenye vita kuu akambusu jukwaani mbele ya ulimwengu mzima ili majitu yachanganyikiwe. Wenzangu, huku mnaona sawa? Kwetu bara hiyo ni laana, unachinjiwa mbuzi.

Mwana wa Ngamiani
Umekuja Tanga kutafuta kazi au kutafuta laana za watu? Binamu nyama ya hamu, hukuwahi kusikia? Mimi baba na mama yangu ni mtu na binamu yake, tumezaliwa saba, hakuna aliyechinjiwa hata kuku. Barabara ya 14 nzima ukianza kuchinja mbuzi utamaliza zizi.

Mgeni Mjini
Sijamtukana mtu mimi, nimezungumzia anime.

Mwana wa Ngamiani
Umesema "huku". Huku ni wapi, Pluto?

Bi Kidani
Subirini kwanza, msigombane kwa jambo ambalo halipo. Minmay jina la ukoo ni Lynn. Kaifun ni Lynn. Mkahawa wa Nyan-Nyan anakoishi Minmay ni wa wazazi wake Kaifun. Ukoo mmoja, jina moja, ina maana baba zao ni ndugu. Sasa tangu lini mtoto wa baba mkubwa akawa binamu? Binamu ni wa mjomba au wa shangazi. Yule kwa Kiswahili chetu ni kaka yake!

Mwana wa Ngamiani
Kidini wanaoana vilevile.

Bi Kidani
Sikusema hawaoani. Nimesema si nyama ya hamu. Hamu ni ya wa mjomba. Wa baba mkubwa mmekua mnagombania ukoko wa wali sufuria moja, hamu itoke wapi?

Mgeni Mjini
Kumbe tunakubaliana!

Bi Kidani
Hatukubaliani. Wewe umesema laana.

Mwana wa Ngamiani
Bi Kidani, kwetu wa baba mkubwa wameoana wawili na wanaishi vizuri kuliko hao wa hamu. Usitunge sheria ya ukoko.

(Hapa yalifuata kama mapande ishirini ya nani kamwoa nani kuanzia Makorora mpaka Pangani. Mimi mleta mada nimeyapitia yote, Misa hayumo.)

Kijana wa Chumbageni
Jamani, Hikaru.

Deep Sea Asubuhi
Nimekaa kimya nasoma, nauza samaki huku. Mnajadili Pluto, mifupa, ukoko, na hamna hata mmoja aliyemtaja jodari. Kipindi cha nne. Hikaru na Minmay wamekwama kwenye pembe ya meli ambako hakuna anayewajua, karibu wiki mbili, njaa inawauma. Hikaru anachungulia nje, anaona jodari anaelea angani! Kabebwa na maji ya bahari kisiwa kiliporushwa. Hikaru anatoka na suti yake kumkamata, mlango unamkatia, anabaki na kichwa. Swali langu kwa Mwalimu: yule samaki analiwa?

Mwalimu wa Zamu
Analiwa, kagandishwa vizuri kuliko kwenye friza yoyote. Pluto ni nyuzi hasi mia mbili na zaidi. Dakika moja amekuwa jiwe.

Fundi Baridi
Hapo Mwalimu nakukatalia, na hii ndiyo kazi yangu. Baridi haimrukii samaki kama paka. Joto lazima litoke, na ili litoke upesi lazima ligusane na kitu: hewa, maji, barafu. Kule hakuna kitu. Chukua chupa ya chai ya mama nyumbani. Kati ya zile kuta mbili wamenyonya hewa, ndiyo maana chai ya alfajiri unainywa saa tano bado moto. Jodari wako amezungukwa na chupa ya chai kubwa kuliko zote. Kinachomtoka ni ule mnururisho tu, joto linalosafiri bila kugusa kitu, nao mwendo wake ni wa kinyonga.

Deep Sea Asubuhi
Fundi kasema kweli hata mimi asiyesoma namuunga mkono. Jodari wa kilo thelathini akishushwa alfajiri namzika kwenye barafu mpaka macho. Mteja anakuja saa nne, napasua, nyama ya kando ya uti wa mgongo bado ina uvuguvugu, mkono unaona. Na hapo ni barafu inamgusa pande zote. Dakika moja, Mwalimu?

Mwalimu wa Zamu
Dakika moja ilikuwa namna ya kusema.

Bi Kidani
Mko wawili sasa.

Fundi Baridi
Ila kuna jambo jingine linamharibu. Sisi kabla ya kujaza gesi kwenye AC tunafunga pampu tunavuta hewa yote ndani ya mabomba, maana humo kuna unyevu. Hewa ikiisha, ule unyevu unachemka wenyewe bila moto, pampu inautoa. Kwa hiyo jodari akitupwa kule, maji ya ngozini na machoni yanachemka. Yakichemka yanaondoka na joto, juu panaganda na kukauka, ndani bado fufutende. Si friza hiyo, ni ng'onda.

Mgeni Mjini
Maji yachemke bila moto? Fundi acha kutupiga kamba.

Fundi Baridi
Kamba? Mimi nina miaka 16 kwenye hii kazi! Sawa, kesho.

Shabiki wa Sheryl
Frontier, hata wa kunijibu tu kwamba ni mbaya?

Kijana wa Chumbageni
Wakati fundi yuko maabara, niseme la kwangu. Hadithi ilipangwa iishe kwenye ile vita ya kipindi cha 27, ambapo Minmay anaimba, meli za Zentradi zaidi ya milioni nne zinapigwa bumbuwazi. Ilipopendwa wakaongeza vipindi tisa. Humo ndimo Hikaru alimoharibikia. Misa anampikia, anamfulia, anamsafishia chumba, yeye akiitwa na Minmay anakimbia. Sikusema Misa mbaya. Nimesema yule kijana hastahili kuchaguliwa na yeyote.

Bi Kidani
Ulisema bibi.

Mwana wa Ngamiani
Na huo wimbo ulisikikaje? Mwalimu si alisema huko hakuna hewa?

Mwalimu wa Zamu
Sikusema mimi, ila jibu ni rahisi. Umerushwa kwa redio. Coastal wakicheza Mkwakwani, wewe ukiwa Pangani unasikia kwa sababu mtangazaji anapiga kelele sana?

Mwana wa Ngamiani
Coastal wakicheza siku hizi kelele hakuna. Tangu ubingwa wa 1988 tumeshazoea.

Deep Sea Asubuhi
Usiiguse Coastal.

Bi Kidani
Kijana, nikujibu sasa maana umeanza kuongea kama mtu. Misa alikuwa na mpenzi wake wa utotoni, Riber, akapotelea kwenye kituo cha Mars. Meli ilipopita pale aliingia chumba cha yule marehemu akakaa kitini, akataka kituo kilipuke naye humo humo. Nani aliingia kumtoa? Hikaru. Tena akiwa bado anamwita shangazi. Wewe umehesabu nguo alizofuliwa, mwenzio anahesabu nani alirudi kumchukua. Yule Kaifun alipomvutia Misa ni kwa sababu ana sura ya Riber, akaona mwenyewe kwamba anapenda picha. Hikaru hafanani na mtu yeyote. Mbishi, mchafu, anachelewa. Lakini ni yeye.

Kijana wa Chumbageni
Hapo kwenye kiti nililia, sikutaka kusema.

Fundi Baridi
Nimerudi. Nimechukua chupa ya kioo nene ya achari, nikatoboa kifuniko, nikafunga bomba la pampu, nikaziba kwa gundi. Ndani maji nusu kikombe, ya bomba, na kipande cha mkia wa jodari. Nimewasha. Dakika ya kwanza kimya. Ya pili vipovu vinaanza chini, kama soda. Ya tatu maji yanachemka kabisa, yanatupa, na chupa ukiishika ni ya baridi, nje imetoka jasho! Watoto wa mtaa wamejaa mlangoni. Nimeacha nusu saa. Samaki juu amekauka, kashika weupe, nimebonyeza kwa kidole katikati laini vilevile. Mgeni Mjini, uje uione kamba.

Mgeni Mjini
Nimekubali, fundi. Shikamoo.

Mwalimu wa Zamu
Kwa hiyo analiwa?

Fundi Baridi
Mama watoto kamkaanga, sijaambiwa lolote mpaka sasa.

Deep Sea Asubuhi
Fundi, Hikaru alipata kichwa. Wewe umetumia mkia. Mkia hauna mafuta wala macho, unakauka wenyewe hata juani. Rudia. Kichwa ninacho, njoo kabla ya saa moja, wenye migahawa wakishafika sikuwekei.