Gasketi ya hedi ya Komatsu PC200-6 imeungua tena, naomba ushauri kabla hatujafungua

Mchimba_Kifusi
Wakuu, habari za kazi. Nina eskaveta Komatsu PC200-6, ipo mgodini Chunya inachimba na kupakia kifusi. Masika yaliyopita iliunguza gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na hedi (kichwa cha injini), fundi akafungua akaweka mpya, ikapiga kazi vizuri. Sasa imerudi kule kule. Asubuhi rejeta imejaa, ikifika mchana maji yamepungua na chini hakuna hata tone. Ukiiwasha ikiwa baridi huku mfuniko uko wazi, viputo vinatoka mfululizo, na hosi ya juu inakakamaa kabla injini haijapata moto.

Fundi anasema tuweke gasketi nyingine, safari hii aipake silikoni pande zote mbili. Mwenye leseni ya mgodi anataka mashine haraka, opareta na madereva wa malori wamekaa tu. Je, nimkubalie? Na nikague nini hedi ikiwa chini?

Opareta_Mstaafu
Pole sana kiongozi. Hapo angalia layina, zile silinda za kuchomekwa ndani ya bloku. Kama zimezama chini ya uso wa bloku, gasketi haibanwi sawasawa, hata uweke kumi.

Fundi_Dizeli_Mbeya
Mzee wangu Opareta, shikamoo. Hilo la layina ni kweli kwa injini nyingi kubwa, ila kwanza tujue hii ni injini gani. PC200-6 za mwanzo zilikuja na S6D95L, za baadaye zikaja na S6D102. Mkuu soma kibao cha injini kabla ya kwenda dukani, gasketi zake haziingiliani. Kama ni 102, hiyo ni ndugu wa Cummins 6BT ya lita 5.9, na ilipotoka kiwandani haina layina, pistoni zinatembea kwenye bloku lenyewe.

Silikoni kataa kabisa. Gasketi ya hedi inafungwa kavu. Silikoni ikibanwa inatoka pembeni na kuingia kwenye matundu ya oili na maji, halafu kesho unaua kitu kingine.

Mama_Spea
Mwanangu, kabla ya kulaumu gasketi, oili ikoje? Na juu ya maji kuna mafuta yanayoelea?

Mchimba_Kifusi
Ni S6D102, nimesoma kibao. Oili ni nyeusi ya kawaida, haijawa kama maziwa. Maji hayana mafuta.

Mama_Spea
Basi vizuri. Nimeuliza kwa sababu injini hizi zina kula (kipoozeo) ya oili imekaa ubavuni mwa bloku, nyuma ya filta. Ikitoboka, injini inapozunguka presha ya oili inazidi ya maji, kwa hiyo oili ndiyo inasukumwa kwenye rejeta. Watu wanashusha hedi bure wakati ugonjwa uko kwenye kula. Kwako viputo na hosi kukakamaa ni gesi ya mwako inaingia kwenye maji, na hapo hedi lazima ishuke.

Fundi_Dizeli_Mbeya
Nakubaliana na Mama. Ila gasketi haiungui bila sababu, na ya kwanza ilibadilishwa tu bila mtu kuuliza kwa nini iliungua. Mkuu fungua nyumba ya themostati uniambie kama imo.

Mchimba_Kifusi
Tumeshusha hedi. Kwenye gasketi kuna njia nyeusi iliyoungua kutoka ukingo wa silinda ya 4 mpaka tundu la maji. Nimeweka rula ya chuma kwa urefu wa hedi, fila geji (bati jembamba la kupimia nafasi) inapita katikati, miishoni haipiti. Nyumba ya themostati ni tupu. Na mapezi ya rejeta yameziba vumbi lililoshikana na oili, ukimulika tochi upande mmoja mwanga hautokei upande wa pili.

Fundi_Dizeli_Mbeya
Hapo sasa tumefika. Themostati ya injini hii ina kazi mbili: inapofungua maji yaende kwenye rejeta, papo hapo inaziba njia ya mkato inayoyarudisha kwenye pampu. Ukiitoa, ile njia inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani bila kupoozwa. Ikiwa silensa, yaani inaunguruma tu bila mzigo, huoni tofauti. Ikibeba mzigo mchana, na rejeta imeziba hivyo, inachemsha, hedi inapinda, gasketi inaungua. Inaniuma kuona mafundi bado wanaitupa themostati wakidhani wanaisaidia injini.

Hedi ipeleke kwa wachongaji, ila kwanza ipimwe kwa presha kama haina ufa. Waambie wasichonge uso tu wakakurudishia. Uso ukipungua, valvu zinasogea karibu na pistoni, kwa hiyo wapime kina cha valvu na warekebishe viti vyake. Nozeli nazo zitachomoza zaidi, weka washa mpya za shaba zenye unene sahihi.

Bloku nalo liwekee rula. Ulisafishe kwa mkwaruzo wa mkono, usiruhusu grainda yenye diski ya kusugulia. Chenga zake zinaingia kwenye oili na kula beringi.

Opareta_Mstaafu
Marahaba fundi, nimeelewa hilo la layina. Na bolti je? Zamani tulikuwa tunarudisha zile zile.

Fundi_Dizeli_Mbeya
Mzee, zinarudi kama urefu wake haujazidi kipimo cha kitabu, kwa sababu zinavutika. Hapa imeshachemsha mara mbili, mimi ningenunua mpya zote 26. Matundu yake kwenye bloku yapulizwe yakauke. Oili au maji yakibaki chini ya bolti, spana ya toki (ya kupimia nguvu ya kukaza) inakudanganya na bloku linaweza kupasuka. Nyuzi na chini ya kichwa cha bolti paka oili ya injini kidogo. Anza kukaza katikati ukienda nje, kwa hatua. Ziko injini za familia hii zinazofungwa kwa toki tupu na ziko za kumalizia kwa kuizungusha bolti pembe ya nyuzi 90, kwa hiyo fuata kitabu cha namba ya injini yako, si namba za mtandaoni, hata zangu.

Baadhi ya bolti zinapita kwenye vishikio vya roka, hivyo tapeti (nafasi za valvu) lazima zisetiwe upya injini ikiwa baridi: 0.25 mm za kuingiza, 0.51 mm za egzosi.

Mama_Spea
Na mwanangu, jaza kulanti (maji maalumu ya rejeta) polepole ili hewa itoke, usijaze maji ya kisima. Rejeta na kula ya haidroliki zioshwe kwanza. Mfuniko wa rejeta kama mpira wake umekakamaa, badilisha. Siku hiyo usiipeleke kwenye kifusi. Iwashe, ipate moto, izime ipoe kabisa, kesho yake fungua mfuniko uwashe tena utazame kama kuna viputo. Mwenye leseni asubiri.