Fundi kaziba taa ya injini kwa tepu, gari likanizimia katikati ya daraja na mama mkwe ndani

Wakuu, mwangaluka. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Gari ni Toyota Spacio new model ya 2002, injini 1NZ. Nipo nalo mwaka wa saba. Si gari la kumtambia mtu. Ukilipeleka sokoni leo wanataja milioni saba halafu wanatoa sita na nusu. Lakini ndilo linalowapeleka watoto shule, ndilo linalobeba dagaa za mke wangu kutoka soko la Mwaloni hapa Mwanza (harufu tumeshazoea, abiria wageni ndio wanaofungua vioo).

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Asubuhi linawaka nusu stata. Likishatembea na injini ikapata moto, hasa kwenye foleni ya Mabatini jua la saa nane, linazima. Halikohoi, halitetemeki, linazima kama vile mtu kazungusha ufunguo. Unapiga stata, injini inazunguka vizuri, haiwaki. Ukikaa pembeni nusu saa ukanunua maji ukanywa, ukarudi, linawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Na taa ya injini ikawa imewaka kwenye dashibodi.

Wenye kujua magari hapo mmeshajua. Mimi sikujua, nikapeleka gereji moja pande za Nyakato.

Fundi hakuuliza linazima likiwa la moto au la baridi. Hakupima na mashine. Alifungua boneti, akasikiliza, akasema "pampu ya mafuta hiyo, boss". Pampu 120,000. Kesho yake likazima tena. Akasema plagi zimechoka, nne kwa 15,000 kila moja, 60,000. Likazima tena. Akasafisha throto (mlango wa hewa ya injini), 20,000. Ufundi jumla 50,000. Piga hesabu: laki mbili na nusu, na ugonjwa uko palepale. Safari ya mwisho nilipokwenda kuchukua gari nikakuta taa ya injini imezimika. Nikafurahi kama mtoto. Nikamwambia fundi Mungu akubariki. Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu.

Siku nane baadaye tukapata msiba Sengerema. Nikawabeba mke wangu, shemeji na mama mkwe. Enzi za kivuko pale Kigongo gari lingekuwa limepumzika foleni saa nzima, lingepoa lenyewe. Sasa tuna daraja, tangu Juni 2025, kilomita tatu za kukatiza ziwa bila kusimama. Injini ya moto, AC imewashwa kwa heshima ya mama mkwe. Katikati kabisa ya daraja, kimya.

Asiyewahi kuzimikiwa akiwa kwenye mwendo nimweleze. Usukani unakuwa chuma hapohapo. Breki unakanyaga mara mbili tatu, ya nne inakuwa kama unakanyaga ukuta, maana msaada wake unatoka kwenye injini. Nyuma yangu lori linapiga honi, mimi natafuta pembeni kwa mikono miwili na meno. Tuliposimama mama mkwe akauliza taratibu kutoka kiti cha nyuma, "Baba, tumefika?" Hakuna aliyejibu. Tukakaa na upepo wa ziwa dakika arobaini, na maiti inatusubiri.

Niliporudi Mwanza nikaenda gereji ya pili. Huyu angalau ana mashine. (Kile kidude cha bluetooth cha kupimia gari nilichonunua mtandaoni kiligoma kabisa kuongea na hili gari.) Mashine ikatoa kodi ya kosa, P0335, yaani sensa ya krenki, ile inayosoma mzunguko wa shafti kuu ya injini. Halafu akaniuliza swali lililonimaliza: "Mzee, mbona ukiwasha swichi taa ya injini haiji kabisa?" Maana ukifungua swichi kabla ya stata, ile taa lazima iwake pamoja na wenzake wa oili na betri, kisha izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, ama balbu imeungua ama kuna mkono wa mtu. Akatoa meta ya dashibodi. Nyuma ya taa kuna kipande cha tepu nyeusi, kimekatwa kwa mkasi vizuri, pembe nne, kazi safi. Kazi nadhifu kuliko yote aliyonifanyia yule wa Nyakato.

Huyu wa pili naye asisifiwe. Kaona kodi ya kosa imetaja sensa, kaweka sensa. 55,000, boksi linang'aa, limeandikwa kampuni kubwa ya Japani, sensa nyepesi kama ganda la karanga. Ufundi 20,000, kufuta kodi 10,000. Ilikaa siku kumi na moja. Nilipomrudia akasema labda kontroboksi (kompyuta ya injini) imekufa, nitafute laki nne. Nikaondoka hata sikuaga.

Aliyenitoa gizani ni kijana mmoja fundi umeme, Igoma, anafanyia kazi chini ya mti. Alianza kwa kuuliza: linazima likiwa la moto? Likikataa kuwaka, mshale wa RPM (mzunguko wa injini) unacheza unapopiga stata au umelala sifuri? Umelala. Akaingia chini upande wa puli, akatoa bolti moja ya namba kumi, sensa mkononi. Akaagiza maji ya moto kwa mama ntilie. Akaipima upinzani na mita ikiwa baridi: omu elfu moja na mia tatu na kitu. Akaifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaizamisha ndani ya kikombe. Tukakaa kimya tunaangalia mita kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Namba zikapanda polepole, kisha mita ikaruka, njia imekatika. Akaitoa, akaipuliza, namba zikarudi.

"Ndani kuna waya mwembamba umezungushwa kwenye sumaku," akasema. "Kwenye krenki kuna meno 34 na pengo la meno mawili. Kila jino likipita, kontroboksi inahesabu. Waya ukiachana kwa joto, hesabu hakuna, basi hakuna moto wala mafuta." Akakagua soketi na waya hadi mwisho, vizima. Akadai 15,000 tu.

Sasa shemeji yangu anasema gari la milioni sita na nusu haliwekewi sensa orijino ya 210,000 ya kuagizwa Dar. Nichukue mtumba 60,000 kwenye nosikati (nusu ya mbele ya gari lililokatwa). Shemeji, nosikati hiyo ni ya gari la 2003. Ninunue kizee kije kumtibu kizee mwenzake? Halafu watu mnakosea mnapolinganisha bei ya sensa na bei ya gari. Lile dude pale darajani lingeniua likiwa la milioni sita au la sitini. Kwenye sensa ya oksijeni nakubaliana naye. Mashine imeonyesha ya mbele hita yake imekufa, na masega ya kuchuja moshi kwenye ekzosi yalishakatwa kabla sijalinunua gari. Hiyo inaongeza tu ulaji wa mafuta kidogo, ingoje Januari. Ya krenki haingoji. Nimeagiza orijino, inakuja na basi, na nimemwomba muuzaji apige picha ya namba iliyo kwenye mwili wa sensa tuilinganishe na ya zamani. Boksi sitaki hata kuliona.

NYONGEZA: Wanaoniuliza kuhusu pampu. Kijana wa Igoma amepima, anasema niliyowekewa ni feki, imeanza kulia. Ile ya kwangu iliyokuja na gari kutoka Japani ilikuwa nzima, na yule fundi alibaki nayo, akaniambia "hii ni skrapa, boss, nitakutupia". Kesho saa mbili asubuhi nipo getini kwake. Kama ameshaiuza, anitajie gari gani linatembea nayo.