Treni ya mjini ijaribiwe ndani ya foleni, au barabara zifungwe?

Mkazi wa Magomeni

Wakuu, habari za jioni. Habari ya treni ya umeme ya mjini hairuhusu kusahaulika, kila miaka michache inarudi midomoni. Naongelea treni nyepesi, ile inayokatiza barabarani pamoja na magari. Siongelei SGR, reli ya kisasa ya kwenda mikoani, maana ile imepandishwa juu ya nguzo toka Stesheni na kwingine kote imezungushiwa uzio. Mimi treni ya mjini naitaka kwa moyo wote. Lakini nikisimama Magomeni, pale Morogoro Road inapokutana na Kawawa, naona kabisa kwamba treni tutanunua, reli tutatandaza, halafu mataa yatatushinda.

Swali langu: ikija siku ya majaribio, treni ijaribiwe magari yakipita kama kawaida, au barabara zifungwe kwanza mpaka kila kitu kithibitike? Na ikikaribia makutano, wengine wote wawekewe nyekundu?

Msimamo wangu ni ijaribiwe ndani ya foleni, na wengine wote wawekewe nyekundu. Ukifunga barabara umejaribu injini na breki tu, Dar es Salaam hujaijaribu. Na miezi hiyo ya majaribio trafiki waondoke kwenye mataa. Wao ndio wanaoua taa zetu. Taa inasema kijani, afande ananyoosha mkono. Hakuna mtambo utakaofanya kazi namna hiyo.

Konda Mstaafu

Naunga mkono asilimia mia. Hilo la trafiki umelisema wewe, sisi tumelimeza miaka.

Binti Afande

Nimesoma mpaka "wanaoua taa zetu", baada ya hapo sikuona kitu tena.

Baba yangu alisimama mataa ya Ubungo kabla daraja halijajengwa. Alikuwa anarudi nyumbani kola nyeusi, macho mekundu kwa moshi wa malori, hasemi na mtu mpaka aoge. Amestaafu na kikohozi ambacho hakijamwacha mpaka leo. Kaka, unadhani alikuwa anasimama pale kwa raha zake? Taa zile zilikuwa zinahesabu sekunde zilezile asubuhi na usiku. Njia ya kutoka Kimara magari yamefungana mpaka hayaonekani mwisho, upande wa pili hakuna hata bajaji, na taa inagawa sawa kwa sawa. Mtu mwenye macho afanye nini? Anaita kwa mkono. Taa ilikuwa imeshakufa, yeye akawa anafanya kazi yake badala yake.

Tena mvua ikinyesha na umeme ukikatika, mnaomwita "afande njoo utusaidie" ni ninyi hawahawa.

Konda Mstaafu

Dada, mzee wako namheshimu. Ila nimekaa mlangoni mwa daladala Mbagala–Kariakoo miaka kumi na moja, na nasema nilichokiona. Trafiki akiachia upande mmoja anaachia mpaka uishe. Haoni kinachotokea makutano ya mbele. Anafungulia magari yote hapa, yanakwenda kujazana mataa yanayofuata, na huko napo kuna mwenzake anayefungulia upande wake. Mwishowe gari zinasimama katikati ya makutano, kijani ikiwaka hakuna wa kusogea. Sisi tunaanza kutanua, bodaboda wanachomekea, abiria wanashuka kwa miguu. Yeye hana kosa la roho. Kosa ni kwamba anaona makutano moja tu.

Binti Afande

Na misafara ya wakubwa anaisimamisha nani? Taa?

Mkazi wa Magomeni

Dada, sikumgusa baba yako. Nilisema kazi, sikusema mtu.

Binti Afande

Uliandika "wao". Wao ni watu.

Mzee wa Buguruni

Wanangu, mnagombana wakati reli zipo tayari na zinakata barabara kila siku. Treni ya Mwakyembe, ile ya abiria wa mjini iliyoitwa kwa jina la waziri wa uchukuzi, ilipoanza, 2013 kama sikosei, mimi naishi jirani na reli. Nawaambia, pale kwenye kivuko cha reli hakukuwa na cha taa wala mtambo. Kulikuwa na kijana na kibendera. Treni ikipiga honi, kibendera chekundu juu, na bado dereva wa bajaji anaangalia umbali wa treni kwanza ndipo aamue. Anapiga hesabu ya kichwani! Sasa mnataka reli iingie Morogoro Road?

Fundi Mataa

Shikamoo mzee. Ilikuwa Oktoba 2012, moja ya kwenda Ubungo Maziwa na nyingine kwenye reli ya TAZARA mpaka Mwakanga.

Mzee amegusa penyewe, ile hesabu ya kichwani ya dereva wa bajaji. Treni nyepesi ikienda kilomita 50 kwa saa, kwa breki ya kawaida isiyoangusha abiria waliosimama, inahitaji kama mita 80 kusimama. Breki ya dharura inapunguza karibu nusu, lakini waliosimama ndani wataumia. Haiwezi kukwepa, imefungwa kwenye chuma. Kwa hiyo mataa ya treni hayafanani na haya tuliyozoea. Treni inatoa taarifa mapema, mita mia kadhaa kabla ya makutano, na taa inaanza kujipanga: kijani cha upande wake kinarefushwa kidogo, au nyekundu yake inafupishwa. Dereva wa treni anaoneshwa mistari myeupe badala ya rangi tatu, wa kulala ni simama, wa wima ni pita. Ni makusudi, dereva wa gari asije akadhani ile kijani ni ya kwake.

Sasa Mkazi anataka wote wawekewe nyekundu kila treni inapokaribia. Tupige hesabu. Treni ikipita kila dakika nne kwa kila upande, na pande ni mbili, ina maana kwa wastani kuna treni kwenye makutano kila dakika mbili. Mzunguko mzima wa taa kwenye makutano makubwa ni kama dakika mbili. Yaani karibu kila mzunguko utavurugwa. Kawawa haitasogea.

Mkazi wa Magomeni

Basi Kawawa isubiri. Mwendokasi, mabasi yenye njia yake katikati ya barabara, ilipoanza 2016 watu walisema hivyohivyo. Basi moja lina watu zaidi ya mia, gari dogo lina mtu mmoja na kiyoyozi. Nani asubiri?

Konda Mstaafu

Hapo umesema.

Fundi Mataa

Sikatai nani asubiri. Nasema ukimsubirisha mtu bila kumwonesha kwa nini, atapita na nyekundu. Houston, Marekani, walifungua treni yao Januari mosi 2004, kilomita kama 12 tu. Magari yalishaanza kuigonga wakati wa majaribio, kabla haijabeba abiria. Mwaka wa kwanza zaidi ya mara 60! Wengi walikuwa madereva wanaokata kona ya kushoto mbele ya treni iliyokuwa inakuja nyuma yao. Kwenye baadhi ya makutano ikabidi wafanye analolisema Mkazi, nyekundu kwa wote treni inapopita.

Mkazi wa Magomeni

Kumbe unaniunga mkono.

Fundi Mataa

Kwenye baadhi ya makutano, mkuu. Baadhi.

Kijana wa Sinza

Houston wanaendesha upande wa kulia, sisi kushoto. Mfano haufai.

Fundi Mataa

Geuza. Kushoto kwao ni kulia kwetu. Njia ya katikati, dereva wa gari yuko pembeni yake, anataka kukata kulia, na kitu kizito kinakuja nyuma ya bega lake. Ndivyo mwendokasi ilivyo leo. Ukitaka kujua treni itagongwa wapi, hesabu tu wanaokata kulia bila mshale Morogoro Road yote.

Kijana wa Sinza

Basi kona za kulia zipigwe marufuku. Zote. Mtu aende mbele, ageuze, arudi.

Konda Mstaafu

Ageuzie wapi? Mbele ya duka la nani? Umeshawahi kugeuza daladala Manzese saa kumi na mbili jioni, wewe?

Kijana wa Sinza

Umegeuza wewe au dereva? Ulikuwa konda.

Konda Mstaafu

Nilikuwa nashuka kuzuia magari kwa kifua changu ili dereva ageuze. Usinifundishe Manzese.

Mama Zuhura

Nauza mihogo Manzese, kwa hiyo hapo mmenigusa. Nimesoma toka juu. Treni, gari, bajaji, afande, konda. Hakuna aliyemtaja mtu wa miguu.

Kijana wangu alifanya kazi Addis Ababa kwa miaka miwili. Wao wana treni kama hiyo mnayoisema, ilifunguliwa 2014. Anasema usafiri ulikuwa rahisi, lakini sehemu nyingi reli imezungushiwa ukuta na vyuma, mtu anaona duka ng'ambo na hawezi kuvuka, mpaka atembee hadi penye kivuko. Mimi na beseni kichwani, mjukuu mkononi, nitavuka wapi? Mnaposema "kijani ya treni irefushwe", zile sekunde zinakatwa kwa nani?

Kijana wa Sinza

Addis ni Septemba 2015, mama. Na treni nyingi sasa zimelala kwa kukosa vipuri.

Mama Zuhura

Mwanangu, nimeuliza nitavuka wapi. Sikuuliza mwaka.

Fundi Mataa

Mama, shikamoo. Swali lako ndilo gumu kuliko yote humu ndani. Mtu wa kawaida anahesabiwa kutembea mita moja na kidogo kwa sekunde. Barabara ya mita 30 ni kama sekunde 25, kwa asiye na beseni wala mtoto. Zile sekunde za kumaliza kuvuka mtambo hauruhusiwi kuzikata hata treni iwe imeshafika. Ukizikata, mtu anakutwa katikati. Treni ndiyo ipunguze mwendo. Hicho ndicho cha kujaribu miezi yote ile, na ndiyo sababu naona Mkazi amekosea na amepatia. Wiki za kwanza barabara ifungwe usiku, treni itembee polepole, watu wapime nyaya, breki, na kama behewa linapita bila kugusa ukingo wa kituo. Baadaye ijazwe mifuko ya mchanga badala ya watu, ipite mchana, mama akiwepo na beseni lake. Hatua ya pili bila ya kwanza ni kucheza na roho za watu.

Mama Zuhura

Marahaba. Kwa hiyo beseni langu ni kifaa cha majaribio?

Fundi Mataa

Hapana mama. Nimelisema vibaya. Nilitaka kusema usiondolewe barabarani kwa ajili ya majaribio, halafu treni ikaja kukukuta kama kitu kigeni.

Binti Afande

Nimempigia baba, nikamsomea yote haya. Kaniuliza kitu ambacho sijui nijibu vipi. Siku mtambo ukileta kijani kwa treni, na mbele ya reli kuna daladala limekwama na watu ndani, nani anaiambia treni isimame? Maana yeye alikuwa analiona daladala.

Mkazi, sijasahau ulichoandika. Lakini hilo lijibu kwanza.

Mkazi wa Magomeni

Dereva wa treni ana macho, ataona.

Binti Afande

Kwa mita 80?

Mkazi wa Magomeni

Mpe mzee shikamoo. "Wao" nimeifuta kichwani mwangu, pale juu siwezi kuirekebisha. Kama afande atakuwepo makutano, basi awe na redio inayozungumza na treni. Mkono mtupu hapana. Hapo sirudi nyuma.

Konda Mstaafu

Redio ikiisha chaji?

Mzee wa Buguruni

Kibendera.