Tupeane uzoefu: mtoto wa kaya maskini na vielelezo vya mkopo wa chuo, wapi hasa panakwama?

Mwalimu wa Taaluma
Wakuu, kidato cha sita wameshamaliza mitihani, dirisha la kuomba mkopo liko njiani, na foleni za steshenari zitakuwa zile zile. Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hapa Tanzania imemlenga mwanafunzi mhitaji. Lakini uhitaji huo Bodi inausoma kwenye karatasi. Mtoto wa ofisa anafungua kabati la baba yake na kutoa cheti cha kuzaliwa. Mtoto wa mkulima wa jembe la mkono ndiye aliyekusudiwa, na ndiye anayeanza kukitafuta cheti dirisha likiwa limeshafunguliwa. Mlioko shuleni, mitaani, vyuoni, mwageni mnachokijua hapa. Tuwaokoe watoto mapema.

Steshenari ya Stendi
Naanza na mfumo wenyewe, maana makosa mengi yanaanzia mezani kwetu. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe na namba ya simu ya mwombaji, sio ya mwenye duka. Bodi ikirudisha fomu irekebishwe, ujumbe unaingia kwenye simu ya mtu aliyekwisha kumsahau huyo mtoto, na siku za marekebisho zinayoyoma.

Namba ya mtihani wa kidato cha nne aliyoombea chuo ndiyo hiyo hiyo ya kuombea mkopo. Aliyerudia mtihani aorodheshe namba zote alizofanyia. Ada ya maombi ni shilingi 30,000, inalipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo, na hairudi hata ukikosa. Baada ya hapo fomu inachapishwa, inakwenda serikali ya mtaa au kijiji, inakwenda kwa hakimu au wakili, mdhamini anasaini na kubandika picha, kisha kurasa zenye saini zinaskaniwa na kupandishwa.

Angalieni sana muhuri. Muhuri wa mtendaji ukiwa umekauka wino, tarehe haionekani, na ukipigwa picha kwa simu kwenye kivuli unabaki duara la kijivu tu. Mwombeni aupige tena pembeni ya saini, sio juu yake. Skanini karatasi ikiwa imelazwa bapa, na kabla ya kubonyeza kutuma fungueni faili mlisome kwa macho yenu.

mama_wawili
Hapo kwenye mdhamini ndipo watoto wanapolia. Umesema kweli tupu.

Mtendaji wa Zamani
Kuhusu cheti cha kuzaliwa, watu wanawalaumu wazazi kwa uzembe, na sio haki. Ule mpango wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, wa kuwasajili bure watoto walio chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata ulianza kusambazwa mikoani mwaka 2013, kwa kuanzia na Mbeya. Mtoto aliyezaliwa 2006 alikuwa na miaka saba. Kizazi kinachoomba mkopo sasa kiliachwa nyuma na mpango huo kwa miaka michache tu.

Huyu anasajiliwa kama aliyechelewa. Aende ofisi ya wilaya, maana Katibu Tawala ndiye msajili wa vizazi na vifo wa wilaya. Abebe cheti cha darasa la saba, cha ubatizo kama anacho, kadi ya kliniki kama haijaliwa na panya, barua ya kijiji na vitambulisho vya wazazi. Akishapata cheti bado kuna uhakiki: kinapandishwa kwenye mfumo wa RITA na majibu yanasubiriwa. Hiyo ni safari ya pili, isichanganywe na ya kwanza. Asiyekuwa na cheti aanze akiwa kidato cha tano.

Ustawi Kata
Nyongeza upande wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Kaya iliyo kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ina namba yake, na namba hiyo inajazwa kwenye fomu ya mkopo. Kinachoharibu ni kwamba kaya ni ya bibi kijijini, ila mtoto alihamia kwa mjomba ili awe karibu na sekondari, kwa hiyo jina lake halimo kwenye orodha ya wanakaya. Ipitieni orodha kwa mtendaji mapema, na jina likikosekana fikeni kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri. Msijaze namba ya kaya ya jirani!

Msaidizi wa Kisheria
Nimesoma la Mtendaji nikakumbuka kisa cha binti mmoja wa Kanda ya Ziwa. Nakieleza kwa sababu kimebeba karibu makosa yote kwa pamoja.

Baba alifia nyumbani, akazikwa kesho yake, kifo hakikusajiliwa popote. Babu ndiye aliyempeleka binti darasa la kwanza, na mwalimu wa zamu akaandika jina la babu kama jina la baba. Jina hilo likaenda naye mpaka cheti cha kidato cha nne. Mama alipohangaikia cheti cha kuzaliwa, akaandikisha jina halisi la marehemu. Cheti cha kifo nacho kikatoka kwa jina la marehemu. Vyeti vyote viwili vikahakikiwa na kupita, kwa sababu uhakiki unathibitisha kwamba cheti ni halali. Hauunganishi majina. Kwa hiyo kwenye fomu binti ana jina moja, na baba aliyekufa ana jina lisilofanana na la kwake hata kidogo. Uyatima wake haukusomeka.

Awamu ya kwanza jina halikutoka, ya pili halikutoka. Akapanda basi hivyo hivyo na nauli ya kuchangishwa kanisani. Chuoni akaambiwa alipe sehemu ya ada ndipo asajiliwe. Hela ya mkopo, hata angekuwa nao, inashushwa kwa mwanafunzi aliyekwisha kusajiliwa. Akakaa kwa mwenzake hosteli mpaka usajili ukafungwa, akarudi kijijini. Ubaya zaidi, kwa kuwa hakusajiliwa, hakuwa na masomo ya kuahirisha. Nafasi yenyewe ya chuo ikapotea, na mwaka uliofuata ikabidi aombe upya chuo na mkopo.

Kijana wa Igunga
Daah. Yuko wapi sasa huyo binti?

Nyota ya Asubuhi
Mwalimu aliyeandika jina la babu hajui alichokifanya. Inauma.

Msaidizi wa Kisheria
Anasoma, yuko mwaka wa pili. Safari hii majina yalirekebishwa kabla.

Karani Mstaafu
Pole kwa binti, lakini hapo mmekuza jambo. Kiapo kimoja mbele ya hakimu kwamba fulani na fulani ni mtu mmoja, kazi imekwisha.

Msaidizi wa Kisheria
Mzee wangu, kwa heshima zote, hapana. Kiapo kinaeleza tofauti ya majina ila hakibadilishi daftari la msajili. Pale tofauti ni herufi, Mohamed na Mohammed, kiapo kinasaidia. Pale jina la baba ni jingine kabisa, kiapo peke yake ni kubahatisha. Jina lililokwisha kutoka kwenye cheti cha NECTA, Baraza la Mitihani, usitarajie litabadilishwa, kwa hiyo kinachorekebishwa ni kumbukumbu za kizazi, au hati ya kubadili jina inayosajiliwa kwa Msajili wa Nyaraka. Vyote vinakula muda.

Karani Mstaafu
Viapo vingapi vimepita mikononi mwetu na watoto wakapata? Usiwatishe watu.

Mwalimu wa Taaluma
Wazee, wote mko sahihi kwa sehemu. Kiapo kipandishwe, na marekebisho yaanze wakati huo huo. Tuendelee.

Mzazi Mbagala
Mnahangaika na chuo wakati watoto wanakwamia kidato cha kwanza. Elimu bila malipo gani yenye michango ya dawati, mlinzi na mitihani?

Mkuu wa Shule ya Kata
Ndugu mzazi, tusemezane kwa takwimu. Waraka Na. 5 wa 2015 ulifuta ada kuanzia Januari 2016, lakini sare, madaftari na kalamu vilibaki kwa mzazi. Ruzuku ya sekondari ilipangwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na nusu yake inabaki ngazi ya juu serikalini kwa ajili ya vitabu. Shule ya wanafunzi 400 inapokea milioni 5 kwa mwaka, yaani kama laki nne na kidogo kwa mwezi. Hapo kuna chaki, karatasi za mitihani, kemikali za maabara, kitasa kilichovunjika. Shule yenye wazazi wenye nacho inajazia, ya kijijini haina wa kujazia.

Mzazi Mbagala
Sawa, lakini mtoto asirudishwe nyumbani kwa mchango. Hilo limekatazwa.

Mkuu wa Shule ya Kata
Hilo nakuunga mkono bila shaka. Mchango ni hiari, unahitaji kibali, na mtoto hahusiki.

Mwana wa Kisumu
Huku Kenya ni karatasi hizo hizo. Mtoto bila cheti cha kuzaliwa alipata shida kuingizwa NEMIS, mfumo wa serikali wa kumbukumbu za wanafunzi, na asiyeingizwa hakuhesabiwa kwenye pesa iliyotumwa shuleni. Mwalimu mkuu alibaki kugawa pesa ya watoto 300 kwa watoto 340.

Chalii wa Chuga
Njia rahisi: andikeni wazazi wote wakulima hawana kitu, mkopo wa asilimia mia huo hapo.

Steshenari ya Stendi
Usipotoshe wadogo zako. Anayesaini chini ya maelezo hayo ni mtoto na mdhamini wake, sio wewe. Na kila anayedanganya anakaa kwenye kiti cha yule binti.

Ustawi Kata
Halafu kuna kundi linalosahaulika: aliyesomeshwa shule binafsi na kanisa au shirika. Shule yake inamwonyesha kama mtoto wa tajiri. Apate barua ya mfadhili wake na kuipandisha na fomu. Wengi wanaikumbuka wakati wa rufaa.

Nyota ya Asubuhi
Kuna wazazi wanawakataza watoto kuomba kwa kuogopa deni. Wanafanya vibaya?

Afisa Mikopo Chuoni
Waelezwe deni lilivyo. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyokuwa inavimbisha deni ilifutwa 2021.

Na kwa watakaopata: jina kutoka kwenye orodha sio hela mkononi. Kwanza usajiliwe chuoni, akaunti ya benki iwe kwa majina yale yale ya kwenye fomu, kisha uende mwenyewe kuthibitisha kwa alama za vidole kila awamu ya malipo. Ukiwa umesafiri siku hiyo, bumu, yaani hela ya kujikimu, linakusubiri na mwenye nyumba hasubiri. Angalieni pia mgawanyo kwenye akaunti yenu ya mfumo, maana chakula na malazi vinaweza kutoka vyote na ada ikatoka nusu, na hiyo nusu chuo kitakudai wewe. Ukiona hivyo kata rufaa dirisha la rufaa likiwa wazi, tena kwa kielelezo kipya. Rufaa yenye karatasi zile zile hurudi na jibu lile lile.

Kijana wa Igunga
Kiongozi, cheti cha kifo kilichotoka baada ya dirisha kufungwa kinahesabika kielelezo kipya?

Afisa Mikopo Chuoni
Ndiyo. Kihakikiwe RITA kwanza, ndipo ukipandishe.