Kikundi cha Wazazi na Majirani: Mwendo wa Magari Mbele ya Shule

Mama Rehema: Shikamooni wazee wetu, na wengine habari za jioni. Leo mchana, watoto wa darasa la kwanza walipokuwa wakitoka, daladala ilisimama kwenye kivuko ili wapite, lakini gari dogo lililokuwa nyuma yake likaipita kwa kulia bila kupunguza mwendo. Mwanafunzi mwenye kibao cha SIMAMA ndiye aliyemvuta mmoja wao kwa mkoba.

Mzee Omari: Marahaba, mwanangu. Tumshukuru Mungu. Kulipita gari lililosimama kwenye kivuko ni kosa kisheria, na hatari yake ni kwamba dereva hamwoni mtoto aliyezibwa na daladala, wala mtoto hamwoni yeye.

Baba Hamisi: Mimi ni dereva wa bajaji, simtetei mwenzangu. Hata hivyo, kibao cha kilomita 30 kimefunikwa na matawi ya mwarobaini, na mgeni wa njia hii anajua tu kwamba kwenye makazi ya watu mwisho ni 50.

Mwalimu: Tofauti hiyo si ndogo, Baba Hamisi. Kwenye lami kavu, gari lenye mwendo wa 30 husimama baada ya takriban mita 13, ilhali la 50 huhitaji takriban mita 28, kwa kuwa katika sekunde moja ya dereva kushtuka tu limeshakwenda mita 14. Azimio la Stockholm la Februari 2020 kuhusu usalama barabarani lilihimiza ukomo wa 30 mahali ambapo waenda kwa miguu huchangamana na magari.

Mama Rehema: Sawa, Mwalimu, lakini kibao hakimkamati mtu. Trafiki husimama pale asubuhi, na hawa wadogo hutoka mchana.

Mwenyekiti wa Mtaa: Matawi yatakatwa kesho, nitasimamia mwenyewe. Kuhusu matuta, tusijijengee kiholela. Barabara yetu iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, si TANROADS wa barabara kuu na za mikoa, hivyo barua ipitie kwa Mtendaji wa Kata.

Mzee Omari: Basi tuombe tuta kabla ya kivuko kwa pande zote mbili, maana likiwekwa baada yake halisaidii kitu, na mistari ya pundamilia ipakwe rangi upya.

Mwalimu: Nitaandika rasimu usiku huu na kuambatisha saa za kutoka za kila darasa, ili ombi la trafiki wa mchana nalo liingie humo humo.

Baba Hamisi: Mwalimu, taja pia kituo cha daladala kisogezwe mbele, kiwe baada ya kivuko. Wenzangu wa kijiweni watasaini.